Ng'ombe Aliyesimamisha Treni

Katika maisha yake mafupi, Revocatus Shimba alikwisha kuwatendea wanadamu mambo mengi ambayo wanadamu hawakuyaomba. Akiwa kidato cha kwanza alimvika mbuzi wa mwalimu wa zamu tai ya shule, akamwingiza mstarini siku ya ukaguzi, na mbuzi akasimama kwa nidhamu kuliko wanafunzi wengi. Kidato cha pili alitangaza bwenini, kwa sauti ya msiba, kwamba maharage ya shule yamefariki dunia na mazishi yatafanyika bwaloni baada ya vipindi. Watu walikuja na vijiko. Kwa hayo alichapwa, alifyeka majani, alichota maji kutoka bondeni, na hakuna adhabu hata moja iliyomfika moyoni. Aliamini, kama wengine wanavyoamini dini zao, kwamba kicheko hakijawahi kumuua mtu.

Desemba ile alirudi likizo Nyakato, kwa babu na bibi yake waliomlea yeye na dada yake Teodora tangu baba yao alipofariki. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, maduka ya Mwanza yamejaa sabuni za rangi zote huku viwanda vya Nyakato vikipunguza watu wa kuzinunua. Babu yake, Mzee Pius Shimba, alikuwa ameshastaafu. Alikuwa dereva wa treni, na kwa mtu aliyewahi kuvuta mabehewa kutoka Tabora hadi ziwani, kukaa kibarazani ukiangalia kuku ni kazi ngumu.

"Umerudi, mgoni wangu?" babu alimpokea mlangoni.

"Nimerudi kumchukua mke wangu," alijibu Revocatus. "Ulikuwa unamlisha?"

"Amekukinai. Anasema mwanamume gani hana hata ndevu."

"Ndevu zako ndizo zinazomwasha. Aliniandikia."

Bibi Dorotea, mke aliyekuwa akigombaniwa, alikuwa anapepeta mchele na hakuinua hata kichwa. Babu na mjukuu ni watani, ndivyo ilivyo tangu enzi, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote bila mwenzake kununa. Katika nyumba ile ruhusa hiyo ilitumiwa asubuhi, mchana na jioni.

Lakini kila Desemba Mzee Shimba alikuwa na kazi moja ya heshima, na kazi hiyo alipewa na Jayantbhai.

Jayantbhai alikuwa mfanyabiashara wa mabati na misumari, mtu mnene mpole, aliyezaliwa Mwanza na baba aliyezaliwa Mwanza. Milango ya biashara ilipofunguliwa, wenzake waliagiza redio na vitenge. Yeye alimwandikia shemeji yake kule Leicester, Uingereza, amletee treni. Zilikuja kwenye maboksi, zimelazwa kwenye karatasi laini kama mayai: vichwa vya treni vinavyoenea kiganjani, mabehewa yenye madirisha, reli za kuunganishwa kipande kwa kipande. Mkewe, Champaben, alitazama maboksi yale akauliza kama shemeji ameshapata nafuu ya kichwa.

Kwa treni hizo Jayantbhai alijenga reli yote ya kutoka Mwanza hadi Malampaka, juu ya meza zilizounganishwa katika ukumbi wa jumuiya yao mjini. Miamba ya Mwanza aliitengeneza kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa ngano, akaipaka rangi ya kijivu na kuipandanisha jiwe juu ya jiwe, kama yale ya kweli yanayoonekana yataanguka kesho. Ziwa lilikuwa kioo kilichopakwa buluu upande wa chini. Mashamba yalikuwa njiti za ufagio zilizobandikwa pamba halisi. Fela ilikuwepo, na Mantare, na Bukwimba, na Malya, kila stesheni na kibao chake.

Kila mwaka, Jumamosi na Jumapili moja, milango ilifunguliwa kwa wote bure. Familia zilitoka Pasiansi, Nyakato na kwingineko, Wahindi kwa Wasukuma, watoto wakakaa mabenchi ya mbele. Nyuma yao walisimama wapenzi wa treni, yaani watu wazima waliosingizia kuwa wameleta watoto. Champaben aligawa chai na vitafunio vya chevda. Na Mzee Shimba, amevaa kofia yake ya kazi na kitambaa chekundu shingoni, alipuliza filimbi na kuitangaza safari.

Kilele cha safari kilikuwa kati ya Bukwimba na Mantare. Hapo treni ilisimama ghafla porini, na mbele yake, juu ya reli, alisimama ng'ombe mdogo wa mbao aliyechongwa na Jayantbhai mwenyewe. Babu alishusha sauti, akaeleza jinsi alivyomwona yule ng'ombe kwa mbali, alivyovuta breki abiria wakaangukiana, na jinsi wakubwa wa reli walivyompongeza mbele ya wenzake kwa kuokoa mali ya mwananchi na kuepusha ajali. Watu walipiga makofi. Walipiga makofi kila mwaka.

Revocatus ndiye aliyeshika swichi. Ndiye aliyeisimamisha treni mbele ya ng'ombe. Na ndiye mtu pekee duniani, baada ya babu mwenyewe, aliyejua kwamba siku ile hapakuwa na ng'ombe.

Palikuwa na mtindi. Babu aliunywa Malya, kwenye kibuyu cha mama mmoja aliyekuwa akiuza jukwaani, na baada ya Bukwimba tumbo lake likaanza kusema lugha zote. Akavuta breki. Akaruka chini, akakimbilia shamba la pamba, treni nzima ikimsubiri. Aliporudi, mkuu wa treni alikuwa anakuja mbio kuuliza kulikoni, na neno la kwanza lililomjia Mzee Shimba mdomoni lilikuwa ng'ombe. Hayo alimsimulia mjukuu wake kwa kinywa chake.

Mwaka huo ng'ombe alikuwa na kazi kubwa kuliko kupigiwa makofi. Teodora alikuwa amechumbiwa na kijana wa Usagara, mtoto wa Mzee Ngosha, mfugaji. Siku ya wakwe kuja rasmi ilikuwa karibu, na babu ndiye angekuwa msemaji wa upande wa binti. Nyumba ya Shimba haikuwa na zizi. Haikuwa na shamba la kusifiwa wala mtoto aliyeko ofisini. Ilikuwa na jina tu. "Mtu aliyesimamisha treni kwa ajili ya ng'ombe," Mzee Ngosha alikuwa amesema alipoletewa habari za uchumba, "huyo anajua ng'ombe ni nini. Tutasikilizana naye." Babu alirudia maneno hayo kwa kila aliyepita kibarazani. Akamwomba Ngosha na mkewe waje Jumapili kutazama maonyesho, ili wamwone akiwa kazini kabla hawajamwona akiwa kitini.

"Waje wanione nikiwa na kofia," alimwambia Teodora. "Kibarazani hapa naonekana kama mlinzi wa kuku."

Revocatus aliyasikia hayo, na haki itendeke kwake: aliyazingatia. Ndiyo maana jambo lake alilipanga Jumamosi.

Alifinyanga kimtu cha udongo, akakikausha kwenye jua. Alikipaka rangi zilizobaki kwenye makopo ya Jayantbhai. Kilikuwa kimechuchumaa. Kilivaa kofia nyeusi na kitambaa chekundu shingoni, na suruali yake ilikuwa imeshuka hadi kwenye vifundo vya miguu. Sehemu iliyobaki wazi aliipaka dawa ya viatu na kuisugua kwa kitambaa mpaka ikang'aa, kwa uangalifu ambao mwalimu wake wa hesabu hakuwahi kuuona. Mchana wa Jumamosi, Jayantbhai alipokwenda kula, alimtoa ng'ombe kwenye reli akamtia mfukoni, na kimtu akakiweka kwenye shamba la pamba, kando kidogo tu ya reli, kimeelekeza mng'aro wake kwenye mabenchi. Jumapili ng'ombe angerudi kazini. Alifikiri hivyo, na akajiona mtu mwenye busara.

Ukumbi ulijaa. Revocatus alikaa chini nyuma ya meza ya swichi, mlima wa Bukwimba umemziba, akiona treni, babu na nyuso za watoto wa mbele tu. Alimsikia babu akipuliza filimbi. Malampaka. Malya. Siku hiyo babu alikuwa na sauti kuliko miaka yote. Mara moja alinyamaza katikati ya sentensi, kama mtu aliyemwona mgeni mlangoni, kisha akaendelea kwa sauti nzito zaidi, kifua mbele.

"Tumeiacha Bukwimba," alisema. "Jua linawaka. Pamba pande zote mbili. Mara, ndugu zangu, mbele yangu, nikaona kitu."

Revocatus akabonyeza swichi. Treni ikasimama.

Watoto wakainama kutazama.

"Babu," kiliuliza kitoto kimoja benchi la mbele, "mbona ng'ombe amevaa kofia?"

"Si ng'ombe," alisema mwenzake. "Ni babu mwenyewe. Anakunya."

Kilichofuata kilianzia kwenye mabenchi, kikapanda nyuma kwa wapenzi wa treni, kikafika kwenye birika la chai. Watu walicheka wakishikana mabega. Mhandisi mmoja mstaafu alijifuta machozi kwa tai yake. Revocatus alijua kwamba mtu huwa na saa kama hii mara moja maishani, na hakuiacha ipite. Alisimama nyuma ya mlima, akafunga vifungo vya shati, akatumia sauti ile ile iliyoyazika maharage.

"Mabibi na mabwana. Ni wajibu wangu wa kusikitisha kuisahihisha historia. Siku ile, kati ya Bukwimba na Mantare, hapakuwa na ng'ombe. Palikuwa na mtindi wa Malya. Tusimame kwa heshima ya marehemu suruali."

Ukumbi ulipasuka upya. Na babu naye alicheka. Alicheka kama mtani anavyopaswa kucheka, kwa sauti, kichwa nyuma, meno yote nje.

"Huyu mgoni wangu," aliwaambia watu, "ananichimbia kaburi apate kuoa."

Lakini mkono wake ulikuwa umekwenda shingoni. Ulikifungua kile kitambaa chekundu, taratibu, ukakifinyanga, ukakitia mfukoni. Wakati anacheka.

Hapo ndipo Revocatus alipoona mgongo. Mwanamke mmoja wa makamo, kati ya watu wote wale waliotazama mbele, alikuwa amegeuka na kuuelekea ukuta, amejifunika khanga kichwani mpaka usoni. Kando yake mzee mrefu mwembamba alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili, akiangalia sakafu. Na karibu nao alisimama Teodora na trei ya vikombe, akimtazama kaka yake. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayejaribu kusoma jina kwenye kaburi.

Mzee Ngosha na mkewe walikuwa wamekuja Jumamosi. Lori la mkaa la jirani yao lilikuwa linakuja mjini siku hiyo na Jumapili halikuwa na safari. Hakuna mtu aliyefikiri kwamba hilo lilihitaji kuelezwa kwa Revocatus.

Jayantbhai alifika kwenye meza ya swichi, akazima umeme wa treni mwenyewe. Hakupandisha sauti, hakuwa na sauti ya kupandisha.

"Toa hiyo, Revo," alisema. Kisha, akimtazama Mzee Shimba aliyekuwa bado anawapungia watoto mkono: "Dereva ni mgeni wangu. Kila mwaka namwomba mimi. Kwangu umefanya hivi?"

Revocatus alikichukua kimtu. Hakujua akiweke wapi. Mfukoni mlikuwa na ng'ombe.

Mzee Ngosha alimpa babu mkono kabla ya kuondoka. Alisema, "Tumeona, asante," na maneno hayo yalikuwa ya adabu kiasi kwamba hapakuwa na pa kuyashika. Mkewe alitoka akipita kando ya ukuta, amegeuza uso hadi mlangoni.

Jioni, babu alikwenda kulala mapema akisema amechoka kwa kucheka. Teodora alikuwa ndani na hakutoka. Bibi Dorotea alimwita Revocatus jikoni, akamwonyesha kigoda.

"Unajua ulichofanya?"

"Ulikuwa utani, bibi."

"Utani ni wa uani. Humu ndani mwite unavyotaka, mvue mpaka ngozi, nami nitacheka. Lakini wakwe? Mkwe mwanamke hali meza moja na mkwe wake mwanamume. Hatamki hata jina lake. Na wewe umemwonyesha yule mama matako ya mkwe wake, na umeyapiga kiwi."

Siku nyingine neno hilo la mwisho lingemwangusha Revocatus kwenye kigoda kwa kucheka. Alikuwa anatazama majivu.

"Nitamwomba radhi."

"Usithubutu." Bibi aliweka mwiko chini. "Mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi umemwambia kwamba yale hayakuwa utani, na kwamba wewe na yeye si watani tena. Kesho chukua jogoo yule mwekundu. Mtupie miguuni. Mtukane, mwambie ale ashibe aache kujiharishia. Atakutukana, atamla, yataisha. Hivyo ndivyo tunavyofanya."

Alilala na maneno hayo lakini usingizi haukuja, badala yake likaja jambo alilokuwa amelisahau, au alilokuwa ameamua kulisahau. Ile siku aliyosimuliwa habari ya mtindi. Alikuwa darasa la nne. Alikuwa amejichafua mstarini, mbele ya shule yote, kaptura ya kaki, mchana kweupe, na baada ya hapo alikataa shule, akakataa chakula, akajificha nyuma ya tangi la maji. Babu alimfuata kule. Alikaa chini kwenye matope na suruali yake safi. Hakumwambia nyamaza, wala kwamba watasahau. Alimwambia, "Wewe umesimamisha mstari mmoja. Mimi nilisimamisha treni." Akamsimulia yote, shamba la pamba na kila kitu, mpaka mtoto akacheka, na kesho yake akaenda shule. Babu alikuwa amevua aibu yake mwenyewe akamfunika nayo mtoto. Na mtoto amekua, amesoma, ameichukua nguo ile ile akaitundika ukumbini.

Asubuhi ya Jumapili, akiwa na akili iliyokesha, Revocatus aliamua kwamba kilichoharibiwa kwa ukweli kinaweza kutengenezwa kwa uongo. Mzee Ngosha na mkewe walikuwa wamelala kwa ndugu yao, huko huko Nyakato. Alimkuta mzee uani anakunywa chai ya rangi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Nimekuja kusema kwamba yale ya jana niliyatunga. Mimi ni mtu wa mizaha, hata shuleni wanajua. Ng'ombe alikuwepo."

"Ulitunga."

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri." Mzee Ngosha alipuliza chai. "Alikuwa wa rangi gani?"

Revocatus alipekua simulizi lote la babu, mwaka kwa mwaka, makofi kwa makofi. Halikuwa na rangi.

"Mwekundu."

"Mwekundu mtupu, au mwenye baka?"

"Mwenye… mtupu."

"Unajibu kama uko kwenye mtihani," alisema mzee, bila ubaya. Alikiweka kikombe chini. "Sikiliza, kijana. Kwetu mtu akiona ng'ombe, rangi ndiyo inatangulia, ng'ombe mwenyewe anafuata. Babu yako alinisimulia habari ile mara ya kwanza tulipokutana. Akataja breki, akataja abiria, akataja wakubwa wake wa reli. Ng'ombe hakuwa na rangi, hakuwa na pembe, hakuwa jike wala dume. Nikajua siku hiyo hiyo."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nikafikiri, mzee huyu ana jambo lake pale, na jambo la mzee halichokolewi. Nikampenda hivyo hivyo. Nilikuwa najua peke yangu, na mambo yalikuwa yanakwenda." Nyuma ya mlango kulisikika kikohozi cha mwanamke. "Sasa mke wangu anajua. Na anajua kwamba mimi nilijua. Ukumbi mzima unajua. Sina tena pa kujifanya sijui."

Revocatus alimsikia jogoo wa jirani akiwika na akatamani awe yeye.

"Binti ana kosa?" aliuliza. Sauti yake haikufanana na sauti yoyote aliyowahi kuigiza.

"Binti hana kosa. Tutakuja siku ile ile. Lakini mama watoto hawezi kukaa mbele ya babu yako akimsikiliza akisema, na baada ya jana naye babu yako hawezi kusema. Mtafute mwingine wa kuzungumza." Alichukua kikombe chake tena. "Nenda, kijana. Na usinitungie tena ng'ombe. Wangu wananitosha."

Mchana ule babu hakwenda ukumbini. Alisema goti linamsumbua. Jayantbhai alimrudisha ng'ombe kwenye reli kwa mkono wake, akampa Revocatus filimbi bila kumtazama usoni. Watoto walikuwa wengi kuliko jana, kwa sababu habari zilikuwa zimesambaa na kila mmoja alikuja kuona kile kimtu. Walipoambiwa hakipo, walinuna.

Revocatus alitaja stesheni. Alizijua zote. Treni ilipita Malya, ikapita Bukwimba, ikafika mahali pale ikasimama, na akagundua kwamba hana la kusema. Akisema ng'ombe, watacheka. Akisema mtindi, watacheka zaidi. Ukumbi ulimngoja. Hata wapenzi wa treni walisogea mbele.

"Mbona imesimama?" mtoto mmoja aliuliza.

Jayantbhai aliinua kidole cha kuomba neno, akakishusha. Mtoto akauliza tena. Revocatus alinyoosha mkono, akamtoa ng'ombe taratibu kwenye reli, akabonyeza swichi, na treni ikaenda zake Mantare bila mtu yeyote kupiga makofi.

Jioni alimkamata jogoo mwekundu. Babu alikuwa kibarazani, bila kofia. Revocatus alisimama mbele yake na jogoo kwapani na akafungua kinywa kumtukana, kama alivyoelekezwa. Matusi hayakuwa haba. Alikuwa nayo tangu ajue kusema, alikuwa amewahi hata kuyaandaa mapya akiwa shuleni na kuyahifadhi kwa ajili ya likizo. Babu aliinua uso. Alikuwa anangoja. Ilionekana waziwazi kwamba anangoja, mpaka pembe za mdomo wake zilikuwa zimeshajiandaa.

Na Revocatus, aliyemvika mbuzi tai, hakupata hata neno moja la kuchekesha. Alipiga magoti kwenye vumbi.

"Naomba unisamehe, babu."

Mdomo wa babu ulirudi mahali pake. Kuku waliokuwa uani walimtazama jogoo.

"Haya," alisema. "Nimekusamehe. Simama, usichafue suruali."

"Nimeleta jogoo."

"Nimemwona. Mpelekee bibi yako."

Alimpelekea. Bibi alimpokea jogoo, akamtazama mjukuu wake magotini palipokuwa na vumbi, akaelewa kila kitu. Jogoo alipikwa. Babu alikula vizuri na kushukuru.

Wakwe walikuja siku waliyoahidi. Msemaji alikuwa baba mdogo Venant, aliyezungumza kama anaendesha mnada na kumkosea jina bwana harusi mara mbili. Mama mkwe alikaa na wanawake chumbani, upande wa pili wa pazia. Mzee Ngosha alisikiliza kwa subira, akakubali yote, na wakati wote huo babu alikaa kwenye kiti cha pembeni, shati limenyooshwa, mikono magotini, kama abiria anayesubiri treni ambayo si yake. Teodora alipoitwa kuwasalimu wageni, alimwangalia kaka yake mara moja, akaangalia pengine.

Chakula kilipofika, Revocatus ndiye aliyepewa birika na beseni la kunawisha. Alianza kwa Mzee Ngosha, akapiga goti, akamimina. Akaenda kwa baba mdogo Venant. Kisha akafika kwenye kiti cha pembeni.

Babu alinyoosha mikono yake mikubwa ya breki. Revocatus alimimina polepole kuliko ilivyohitajika. Neno lolote lingemtosha: kwamba maji ni ya moto, kwamba anamwaga kama mlevi, kwamba kwa mikono hiyo mke hampati.

"Asante, mwanangu," alisema babu, akajifuta kwa taulo, na Revocatus akanyanyua beseni akasogea kwa mgeni mwingine.